Kutengeneza Filamu ya Makala Kuhusu Vita vya Kagera: Mwongozo wa Kazi, Hatua kwa Hatua

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda iliyotawaliwa na Idi Amin, vilipoanza mwishoni mwa Oktoba 1978, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Wananchi wengi wa Tanga, Mbeya au Mtwara walivijua vita hivyo kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, kupitia magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News, na kupitia masimulizi ya vijana waliorudi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutengeneza filamu ya makala kuhusu vita hivyo, na karibu ushauri wake wote unatokana na jambo hilo moja: vita hivi vilisikika zaidi ya kuonekana, kwa hiyo filamu yake ijengwe kwanza kwa sauti za watu na kwa mahali penyewe, kisha picha za zamani zifuate. Anayeanza kwa kutafuta picha za vifaru mtandaoni ataishia kutumia vifaru vya vita vya nchi nyingine, na mstaafu yeyote wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) atamgundua mapema kabisa.

Hatua ya kwanza: chagua kipande cha vita, usichukue vita vyote

Kuanzia uvamizi wa Oktoba 1978 hadi majeshi ya Tanzania yalipofika mpaka wa Uganda na Sudan tarehe 3 Juni 1979, yametokea mambo mengi mno kwa filamu ya saa moja. Idi Amin alitangaza tarehe 1 Novemba 1978 kwamba ameichukua ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka likalipuliwa tarehe 3 Novemba. Mutukula, mji wa Uganda ulio mpakani, ikatekwa na Tanzania Januari 1979, Masaka ikafuata mwishoni mwa Februari, mapigano ya Lukaya yakapiganwa tarehe 10 na 11 Machi, Mkutano wa Moshi wa Waganda waliokuwa uhamishoni ukafanyika mwezi huohuo, Entebbe ikaanguka tarehe 7 Aprili na Kampala tarehe 11 Aprili. Filamu inayojaribu kuyataja yote hayo huwa orodha ya tarehe inayosomwa na msimulizi mwenye sauti nzito, na mtazamaji huisahau kabla ya kulala.

Chagua tukio moja au kundi moja la watu, kisha liache libebe mengine. Daraja la Kyaka pekee linatosha kwa filamu nzima. Ndilo lililounganisha wakazi wa kaskazini ya mto na Bukoba pamoja na nchi yote iliyobaki. Marubani wa Amin walijaribu kulivunja kwa mabomu ya ndege wakashindwa, hadi akaletwa fundi wa baruti kutoka migodi ya Kilembe ndipo lilipoanguka. Kuanguka kwake kulimaanisha mambo mawili kwa wakati mmoja: adui alijiona amejikinga dhidi ya jeshi la Tanzania, na raia waliobaki ng'ambo walifungiwa huko pamoja naye. Baadaye wanajeshi wa Tanzania walilazimika kuuvuka mto ule wakiwa na silaha nzito kabla ya kuikomboa ardhi yao. Ndani ya daraja hilo mna mkakati, mna uhandisi, mna raia na mna askari, na bado unaweza kulieleza kwa sentensi moja unapoomba fedha.

Mada nyingine ambazo hazijachoka ni safari ya familia zilizokimbia kusini na mifugo yao. Askari mgambo waliotoka mashambani na kujikuta Masaka. Na maisha ya nyumbani katika kile ambacho kizazi cha wakati huo bado kinakiita kufunga mkanda, pale Mwalimu Nyerere alipowaomba wananchi wavumilie miezi 18 ya shida, wakapanga foleni za sukari na sabuni na kusubiri muda mrefu zaidi ya hapo. Mada hii ya mwisho haina mizinga, na kwa maoni yangu ndiyo inayodai filamu kuliko zote, kwa kuwa mashahidi wake wako kila mtaa wa nchi na hakuna anayewauliza.

Hatua ya pili: andaa daftari la tarehe kabla ya kumhoji mtu yeyote

Chora jedwali lenye safu nne: tarehe, tukio, chanzo, na kiwango cha uhakika. Kila jambo utakalolisema kwenye filamu lianzie humo. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo itakayokuwezesha kumsikiliza shahidi kwa utulivu, kwa sababu utajua papo hapo anapochanganya Mutukula na Masaka, na utajua kwamba kuchanganya huko si uongo.

Hesabu za vifo zinahitaji uangalifu wa pekee. Takwimu inayonukuliwa sana kwa upande wa askari wa Tanzania ni 373, na inaelezwa kwamba 96 tu kati yao ndio waliouawa katika mapigano. Raia waliouawa katika eneo lililovamiwa wanakadiriwa kuwa wapatao 1,500. Ziweke hesabu hizo pamoja nawe utaona jambo ambalo hotuba za ushindi hazilisemi kwa urahisi: kwa mujibu wa takwimu hizo, wakulima na wafugaji wa kaskazini ya Kagera walikufa wengi kuliko wanajeshi. Mpangilio wa filamu yako, yaani nani anazungumza kwanza na nani anapewa dakika nyingi, unapaswa kuuheshimu ukweli huo.

Ingiza kwenye daftari pia mambo yasiyopendeza. Mwanzoni mwa vita, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa na wapiganaji wetu wenyewe kwa kudhaniwa ni za adui zilipokuwa zikirejea Musoma. Lukaya, siku ya kwanza, Brigedi ya 201, ambayo askari wake wengi walikuwa mgambo, ilishambuliwa na majeshi ya Amin yakisaidiwa na askari wa Libya, ikarudi nyuma kwa fujo. Ushindi ulipatikana kesho yake baada ya Brigedi ya 208 kuzunguka na kumpiga adui kutoka upande wa barabara ya Kampala. Masimulizi yanayoruka siku ya kwanza huifanya siku ya pili ionekane rahisi, na askari waliokuwepo wanajua haikuwa rahisi hata kidogo.

Hatua ya tatu: vibali

Bodi ya Filamu Tanzania inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kibali chake cha kupiga picha kitafutwe mapema. Kwa mahojiano na maofisa walio kazini, kwa makambi, na kwa makaburi ya kijeshi, andika barua Makao Makuu ya Jeshi, ueleze maudhui bila kuficha na utaje majina ya wote watakaokuwa na kamera. Ndege isiyo na rubani inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, na eneo la mpakani si mahali pa kujaribu bahati. Ofisi ya mkuu wa wilaya ya Misenyi, kisha mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa kijiji: fuata ngazi hiyo hata kama una barua ya Dar es Salaam mfukoni. Upande wa Uganda una taratibu zake, na ni vyema kuwa na mshirika Mganda atakayezishughulikia tangu mwanzo.

Hatua ya nne: tafuta mashahidi ambao hawajazoea kamera

Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alifariki dunia Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958, naye sasa ni babu. Ratiba yako ipangwe kwa kuzingatia umri: wazee na wagonjwa kwanza, wataalamu wa historia baadaye, kwa sababu mhadhiri wa chuo atasubiri mwezi mmoja bila madhara.

Makamanda wamekwisha kuhojiwa mara nyingi na majibu yao yamesuguliwa hadi yakawa laini. Watafute madereva wa malori waliopeleka risasi na unga, wauguzi wa hospitali zilizopokea majeruhi, mafundi wa mitambo, walimu wa shule za kijiji waliowaongoza watoto kukimbia, na wake wa askari waliokaa miezi bila barua. Watafute mgambo, ambao wengi wao walirudishwa mashambani vita vilipokwisha na ambao wajukuu zao huenda hawajawahi kuwasikia wakisimulia. Chama cha wastaafu cha wilaya, misikiti, makanisa, na duka la kahawa la jioni vitakupatia majina haraka kuliko tangazo lolote.

Usikome upande mmoja wa mpaka. Mkulima wa Kakuuto au mfanyabiashara wa Masaka aliwaona Watanzania wakiingia. Kwa baadhi yao walikuwa wakombozi, na kwa wengine walikuwa pia wale waliowavunjia nyumba. Filamu yenye Waganda ndani yake hupata sifa ya ukweli ambayo filamu ya upande mmoja haiwezi kuinunua.

Hatua ya tano: mahojiano

Hapa ndipo filamu inapopatikana au inapopotea, kwa hiyo hapa tutakaa.

Fika mara ya kwanza bila kamera. Amkia ipasavyo: shikamoo kwa mzee yeyote, na kwa mstaafu wa jeshi muulize kama anapendelea kuitwa afande au mzee, kwani wapo waliovua cheo pamoja na sare na wapo ambao cheo ndicho walichobaki nacho. Katika nyumba za Bukoba na Misenyi utasikia wakubwa wakiitwa Ta kwa mwanamume na Ma kwa mwanamke, nawe ukifuata desturi hiyo utakuwa umeonyesha kwamba umekuja kama mgeni wa nyumba. Ukikaribishwa buni za kahawa za kutafuna, tafuna. Mazungumzo ya siku hiyo yahusu migomba, watoto, mvua na nani bado yu hai. Vita vitaingia vyenyewe.

Siku ya kurekodi, anza na maswali yanayoomba vitu, usianze na maswali yanayoomba maoni. Ukiuliza, "Mzee, vita vilikuwaje?" utajibiwa, "Vilikuwa vigumu sana, lakini tulishinda," na jibu hilo huwezi kulitumia popote. Uliza badala yake: "Siku mlipoitwa, ulikuwa unafanya kazi gani, na nani alikuletea habari?" Tuseme anajibu kwamba alikuwa anapalilia migomba na balozi wa nyumba kumi akaja na karatasi. Usikimbilie Masaka. Uliza karatasi ilikuwa ya rangi gani, aliisoma mwenyewe au alisomewa, jembe aliliacha wapi, mkewe alikuwa wapi, alisema nini. Kila swali la namna hiyo humrudisha shahidi mahali penyewe, na mtu aliyerudi mahali penyewe huacha kuhutubia na kuanza kukumbuka. Utaiona tofauti hiyo machoni: anayehutubia hukutazama wewe, anayekumbuka hutazama kando.

Akinyamaza, nyamaza nawe. Waulizaji wengi huogopa ukimya na kuuziba kwa swali jipya, ilhali sentensi muhimu mara nyingi hukaa nyuma ya ukimya huo. Kamera iendelee kurekodi hata baada ya kusema asante, bali mhusika ajue kwamba inaendelea. Kumrekodi mtu anayedhani umezima ni wizi, hata kama alichosema kilikuwa kizuri.

Lugha nayo ipewe nafasi yake. Wapo kina mama ambao Kiswahili chao kinatosha sokoni lakini ambao huomboleza kwa Kihaya. Waache wazungumze Kihaya, uweke mtu wa kwao karibu na kamera wa kuwauliza, na tafsiri iandikwe chini ya picha. Mtazamaji wa Dodoma atasoma. Kilio kilichotafsiriwa na mwenye kilio mwenyewe hupungua nusu.

Kuhusu maumivu, weka mipaka kabla ya kurekodi. Waliofiwa, waliobakwa, na waliolazimika kuua hawadaiwi machozi na mtu yeyote. Eleza kwa Kiswahili cha kawaida filamu itaonyeshwa wapi, kwamba itaingia mtandaoni na haitatoka, na kwamba anaweza kuficha sura au kujiondoa kabla ya tarehe mtakayokubaliana. Andika makubaliano hayo, msomee asiyesoma, mpe nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalitaka jambo hilo, ingawa heshima ya kawaida ingetosha kulidai hata kama sheria isingekuwapo. Usimwombe mtu arudie alipovunjika sauti eti kwa sababu lenzi ilipoteza ukali. Ulichopata ndicho utakachotumia.

Hatua ya sita: sauti na picha za mahali

Kagera ni mkoa wa mvua, na nyumba nyingi zina paa la bati. Mvua ikianza mahojiano yamekwisha, kwa sababu hakuna programu itakayoondoa mlio huo bila kuharibu sauti ya mzee. Panga safari kati ya Juni na Agosti, rekodi asubuhi, na uwe na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo pamoja na maiki ya pili juu ya fimbo, kila moja ikiingia kwenye mkondo wake. Zima friji, ondoa saa ya ukutani inayogonga, omba jogoo afungiwe nyumba ya pili. Kwa vyumba vyenye taa za umeme wa kwetu, ambao ni wa hezi 50, tumia fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, la sivyo taa zitapepesa kwenye picha.

Mpeleke shahidi mahali penyewe kama afya yake inaruhusu. Mtu aliyesimama ukingoni mwa Mto Kagera pale Kyaka, akionyesha kwa kidole askari walipojipanga, anafanya kazi ambayo ramani tatu haziwezi kuifanya. Yeye mwenyewe hukumbuka zaidi akiwa pale, kwa kuwa mteremko, upepo na upana wa maji humkumbusha mambo ambayo sebuleni yalikuwa yamelala. Rekodi matembezi hayo yote bila kukata. Baadaye, shahidi akiwa amepumzika, rudi peke yako ukapige picha za utulivu: malori yanayopita darajani leo kuelekea Mutukula, kinamasi, msitu wa Minziro, mashamba ya miwa ya Kagera ambako kiwanda cha sukari kiliporwa na kuharibiwa na wavamizi. Rekodi pia sauti ya kila mahali kwa dakika mbili bila mtu kuzungumza. Mhariri ataihitaji kuliko picha.

Makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, yapigwe kwa kibali na kwa kamera iliyotulia juu ya stendi. Picha ya droni inayoruka kwa kasi juu ya misalaba ni kukosa adabu, na inaonekana hivyo hata kwa mtu asiyejua kwa nini imemkera. Ukitaka kuwapo kwenye kumbukumbu za kitaifa, Siku ya Mashujaa huadhimishwa kila tarehe 25 Julai, kwa hiyo ulizia mapema itafanyika wapi.

Hatua ya saba: picha na sauti za zamani

Zipo, ila si nyingi, na kila moja ina mwenyewe. Mwaka 1980 Kampuni ya Filamu Tanzania kwa kushirikiana na Taasisi ya Picha na Sauti walitoa filamu ya makala ya rangi iitwayo Vita vya Kagera. Ni hazina, na papo hapo ni sauti ya serikali iliyotoka kushinda, iliyotaka kuonyesha ujasiri na uthabiti. Ukitumia vipande vyake, mwambie mtazamaji vimetoka wapi. Idara ya Habari MAELEZO ina picha mnato za kipindi hicho, Shirika la Utangazaji Tanzania lilirithi kanda za Redio Tanzania, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina majalada. Nchini Uganda, mwaka 2015 ziliibuliwa negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali ya Amin katika ghala la shirika la utangazaji la UBC, na sehemu yake ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Humo unaweza kuuona utawala ule jinsi ulivyotaka kuonekana, jambo lenye manufaa makubwa kwa filamu yako iwapo utakumbuka kwamba wahanga wake hawakualikwa kupigwa picha.

Usisahau masanduku ya chini ya kitanda. Vitabu vya mshahara, barua, medali, picha ya studio ya kijana mwenye sare mpya: waombe wenyewe wavionyeshe kwa mikono yao mbele ya kamera, usiviondoe nyumbani. Ukikuta kanda ya filamu inayonuka siki, jua imeanza kuoza. Usiipitishe kwenye mashine, ipeleke kwa mtaalamu ikapigwe nakala.

Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ile aliyosema kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, inastahili aya yake. Imetumiwa mno, kiasi kwamba masikio yameizoea na hayaisikii tena. Njia ya kuifufua ni kuwarudisha walioisikia: mchezee mama mmoja kanda hiyo, mrekodi akiisikiliza, kisha muulize alikuwa ameketi na nani na redio ilikuwa ya nani. Wakati huo redio moja ilihudumia nyumba kadhaa. Sura yake anaposikia sauti ile tena itabeba kipande hicho bila picha ya Ikulu hata moja.

Hatua ya nane: kuandika na kuhariri

Andika mahojiano yote neno kwa neno, ukiweka muda pembeni. Chapa, kata kwa mkasi, panga mezani au ukutani. Simulizi lipatikane kwenye karatasi kabla hujagusa kompyuta, vinginevyo utavutwa na picha nzuri zisizosema lolote. Jiulize kwa kila kipande: mtazamaji anajua nini sasa ambacho hakukijua dakika moja iliyopita, na anataka kujua nini? Kipande kisicho na jibu kiondoke, hata kama kilikugharimu safari.

Msimulizi asiyeonekana atumike kwa yale tu ambayo hakuna shahidi awezaye kuyasema: tarehe, umbali, mwendo wa brigedi. Asimwambie mtazamaji ahuzunike au ajivunie. Ramani moja rahisi inayorudi mara tatu au nne, ikiongeza mshale mmoja kila inaporudi, inatosha. Maigizo ya vita yasiyo na fedha za kutosha huonekana ni maigizo. Bora mkono wa mzee unaochora mistari kwenye mchanga. Milio ya mizinga iliyorekodiwa tayari nayo uiepuke. Makombora ya BM-21, ambayo Waganda waliyabatiza jina la Saba Saba, yalikuwa na mlio wake, na waliousikia wanaweza kuuiga kwa midomo yao kwa namna itakayokutisha kuliko athari yoyote ya kununua. Kwa muziki wa bendi za miaka hiyo, tafuta idhini ya wenye haki, ukianza kwa kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuujengea kipande, kwa kuwa kuuondoa baadaye ni kuhariri upya.

Kisha kuna mambo ambayo mhariri mwoga huyakata. Baada ya Mutukula kutekwa, mji huo ulisawazishwa kwa matingatinga kulipiza kisasi cha yaliyotendwa Kagera, raia wakiwemo ndani, na Mwalimu Nyerere akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe tena. Ukiliacha tukio hilo, umeiacha pia amri, na umemnyima mtazamaji nafasi ya kuona jeshi likijirekebisha katikati ya vita. Liweke baada ya kuonyesha kilichofanyika kaskazini ya mto, ili hasira ieleweke bila kuhalalishwa, na mpe nafasi ya kuzungumza mtu wa Mutukula.

Hatua ya tisa: ukaguzi, onyesho na hifadhi

Chukua toleo linalokaribia mwisho, lilinganishe na daftari la tarehe mstari kwa mstari. Mwite mstaafu mmoja wa jeshi akague sare, silaha na vyeo. Mwite mwanahistoria akague madai. Mwite msemaji wa Kihaya, na wa Kiganda kama unaye shahidi Mganda, wakague tafsiri. Watu watatu hao watakuudhi, na watakuokoa.

Onyesho la kwanza lifanyike Misenyi kabla ya ukumbi wowote wa Dar es Salaam. Shuka nyeupe, projekta, jenereta iliyowekwa mbali ili isiimeze sauti, na viti vya mbele kwa waliohojiwa. Wape nafasi ya kusahihisha, nawe bakiza wiki chache za uhariri baada ya siku hiyo, kwa sababu hakika atasimama mtu nyuma aseme kwamba jina la kijiji limekosewa, na mwingine atasema alikuwepo na hakuulizwa. Huyo wa pili mrekodi kesho yake.

Mwisho, mahojiano mazima yasiyokatwa yana thamani kubwa kuliko filamu. Tengeneza nakala tatu kwenye diski tofauti zikae sehemu tofauti, moja ikiwa ya Kumbukumbu za Taifa au maktaba ya chuo kikuu. Kila faili lipewe jina lenye tarehe, mahali na namba ya shahidi, na kila diski iambatane na karatasi inayoeleza nani anazungumza, kwa lugha gani, aliruhusu nini na alikataza nini. Familia ya kila aliyehojiwa ipewe mazungumzo yake kamili kwenye flashi, na pia sauti yake tupu, ambayo simu yoyote ya kawaida inaweza kuicheza.